Laptopu mpya au ya mtumba? Piga hesabu hii kabla ya kutoa pesa zako

PESA za HELB zimeingia. Au umeweka akiba ya vibarua vya miezi sita, na mzazi akakuongezea kidogo. Sasa una Sh35,000 mkononi, mhadhiri anataka kila kazi ipakiwe mtandaoni, nawe umechoka kulipa saiba au kumngoja rafiki amalize kutumia laptopu yake saa sita usiku ndipo uanze yako.

Ukitembea Luthuli Avenue au Moi Avenue jijini Nairobi, hutamaliza hatua kumi kabla hujaitwa. "Boss, laptopu? Sister, kuja uone Core i7 ya bei ya jioni!" Kila dirisha lina mashine inayong'aa na kila muuzaji ana maneno matamu. Pesa ulizo nazo ni za kununua mara moja tu. Ukikosea, hakuna mkopo mwingine hadi muhula ujao.

Swali ambalo vijana wengi huuliza ni: mpya au mtumba? Swali hilo ni zuri lakini halitoshi. Bei unayotajiwa dukani ni sehemu tu ya bei. Bei kamili ni ile utakayokuwa umelipa hadi siku ya kumaliza kozi: mashine yenyewe, RAM utakayoongeza, betri utakayobadilisha, na safari za kwa fundi. Ukipiga hesabu hiyo nzima, kipakatalishi cha mtumba kilichochaguliwa vizuri mara nyingi hushinda kipya cha bei ya chini. Lakini kilichochaguliwa vibaya kitakumalizia pesa zote kabla hujafika mwaka wa pili.

Sh35,000 hununua nini?

Kwa kiasi hicho, laptopu mpya utakayopata kwa kawaida ni ndogo, yenye prosesa ya Celeron, RAM ya GB4 na hifadhi ya GB64. Ina boksi, ina waranti, na plastiki bado imebandikwa kwenye skrini. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Kidonda chenyewe utakiona wiki ya tatu. Fungua Zoom, faili ya Word na kurasa kumi za kivinjari kwa pamoja, mashine inaanza kuhema. Windows yenyewe imeshakula sehemu kubwa ya zile GB64, hivyo masasisho yakija hayapati pa kukaa. Na mashine nyingi za aina hii zina RAM na hifadhi zilizolehemiwa kwenye bodi. Ulivyoinunua ndivyo itakavyokaa. Hata fundi hodari hawezi kukuongezea kitu.

Sasa geukia mtumba. Lenovo ThinkPad, Dell Latitude na HP EliteBook ni mashine zilizoundwa kwa ajili ya ofisi. Kampuni za Ulaya na Marekani huzinunua au kuzikodi kwa mamia, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa jumla na kuchukua nyingine. Hizo ndizo zinazoingia nchini na kuitwa "ex-UK", hata zile ambazo hazijawahi kuiona London. Zilipokuwa mpya zilikuwa za bei ghali. Bawaba zake ni ngumu, kibodi zake ni nzuri, na nyingi hufunguka kwa skrubu chache kwa sababu fundi wa ofisi alihitaji kuzitengeneza haraka. Kwa kuwa ziko nyingi, vipuri vyake pia vimejaa mjini.

Kwa hivyo kwa pesa zilezile unalinganisha mashine mpya iliyoundwa kwa bei ya chini na mashine ya zamani iliyoundwa kwa bei ya juu. Ya pili ina nafasi kubwa ya kukufikisha mbali, mradi ujue kuichagua.

Usidanganywe na "Core i7"

Hapa ndipo wengi huibiwa mchana. Neno "i7" peke yake halina maana. Tazama nambari inayofuata. Kwenye i5-8350U, ile 8 ya mwanzo inasema hiyo ni prosesa ya kizazi cha nane. Kwenye i7-4600U, ile 4 inasema ni ya kizazi cha nne. Ikiwa nambari inaanza na 10, 11 au 12, soma tarakimu mbili: i5-10210U ni kizazi cha kumi, i5-1135G7 ni cha kumi na moja.

Ile i7 ya kizazi cha nne ina viini viwili pekee vya kufanyia kazi. Hii i5 ya kizazi cha nane ina vinne. Ukiambiwa "i7 ni kubwa kuliko i5" ukaongeza Sh5,000 kwa sababu hiyo, umelipia mashine ya zamani zaidi na ya polepole zaidi.

Kizazi kina uzito mwingine pia. Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, ila masasisho ya bure ya kuziba mianya ya kiusalama yalikoma, isipokuwa kwa wale waliojisajili kwenye mpango wa nyongeza, ambao ni wa muda tu. Nayo Windows 11 ina masharti yake: RAM isiyopungua GB4, hifadhi isiyopungua GB64, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele.

Unaona kinachofuata. Ofisi nyingi zilizokuwa na mashine za kizazi cha sita na cha saba zina sababu ya kuziondoa, nazo huishia kwenye maduka yetu. Ndiyo maana utapata EliteBook 840 G3, ambayo ni ya kizazi cha sita, ikiuzwa kwa bei ya kuvutia. Muuzaji atakuonyesha Windows 11 ikiwaka ndani yake. Kuna njia za kuruka masharti hayo wakati wa kuiweka, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho. Kwa hivyo usiulize tu "ina Windows 11?" Tazama nambari ya prosesa.

Je, mashine ya kizazi cha sita haifai kabisa? Inafaa, kama uko tayari kutumia Linux. Linux Mint na Ubuntu ni za bure, na LibreOffice hufungua faili nyingi za Word na Excel bila kulipia leseni. Anayesomea kuunda programu atafurahia kabisa. Ila ikiwa kozi yako inahitaji programu kama AutoCAD au QuickBooks za Windows, usijitie mtegoni kwa ajili ya kuokoa elfu sita.

Neno moja pia kuhusu "graphics 4GB" unayoiona kwenye matangazo. Kwa laptopu nyingi za ofisi, hiyo si kadi ya picha iliyo peke yake. Ni sehemu ya RAM yako inayokopwa ili kuonyesha picha. Usiilipie kama kitu cha ziada.

Kinachobadilika na kisichobadilika

Kabla ya kununua, gawa mashine mafungu mawili: vitu unavyoweza kubadilisha baadaye na vitu utakavyoishi navyo. Prosesa, bodi na kwa kawaida ubora wa skrini viko fungu la pili. Hivyo ndivyo vya kulipia pesa nyingi. RAM, hifadhi, betri, kibodi na feni mara nyingi viko fungu la kwanza. Vikiwa na kasoro, tumia kasoro hiyo kuteremsha bei.

Lakini usidhani kila mashine ni sawa. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM. Ndugu yake T480s, yenye herufi moja tu ya ziada, ina RAM iliyolehemiwa na nafasi moja pekee ya kuongeza. X1 Carbon na MacBook Air hazina nafasi kabisa: chagua RAM unayotaka siku ya kununua, kwa kuwa hutaongeza tena. Latitude 7490 na EliteBook 840 G5 zina nafasi mbili kila moja. Kabla hujaenda dukani, tafuta jina kamili la modeli mtandaoni, hadi herufi ya mwisho.

RAM nazo hazichanganywi ovyo. Mashine nyingi za kizazi cha nne na cha tano hutumia DDR3L, na za kizazi cha sita hadi cha kumi nyingi hutumia DDR4. Pengo kwenye kijibao cha RAM limekaa mahali tofauti, kwa hivyo ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Kwa mwanafunzi wa kawaida, GB8 ni mwanzo mzuri. Ukihariri picha au kuandika programu, lenga GB16.

Ikiwa mashine bado ina diski ya kuzunguka, ile HDD, badiliko la kwanza liwe hilo. HDD hutafuta faili kwa kusogeza kichwa chake juu ya sahani inayozunguka, kama mtu anayepekua kabati kurasa kwa kurasa. SSD haina kitu kinachozunguka. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huanza kuwaka kwa sekunde. Hakuna pesa utakayotumia kwenye mashine kuukuu itakayokupa faida ya haraka kama hiyo.

Dakika ishirini dukani

Usinunue mbuzi kwenye gunia. Muuzaji mwaminifu hatakataa ukikaa na mashine dakika ishirini. Akianza kukuharakisha eti kuna mteja mwingine anaitaka, mwachie huyo mteja.

Anza na betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayohifadhiwa. Linganisha mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, yaani uwezo wake sasa. Ikiwa ilianza na 50,000 na sasa inabeba 20,000, imebaki na asilimia 40. Mashine bado inaweza kuwa nzuri, ila bei ya betri mpya itolewe kwenye bei anayokutajia.

Kisha chomoa chaja na uiache ifanye kazi huku ukiendelea na ukaguzi. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Chomeka flash kwenye kila tundu la USB. Jaribu kamera, maikrofoni, spika, Wi-Fi na tundu la sauti. Fungua ukurasa mweupe kabisa, halafu mweusi kabisa, utazame kama skrini ina madoa au mistari. Fungua na kufunga kifuniko mara kadhaa, usikie kama bawaba zinalia au plastiki inajitenga. Cheza video kwa dakika kumi, uweke kiganja karibu na feni. Joto la kawaida halina shida. Ikipiga kelele kama posho mill, ina vumbi au feni imechoka.

Chaja nayo ikaguliwe. Laptopu za Dell hutambua chaja yake kupitia pini ndogo ya katikati. Ukiwekewa feki, mashine inaweza kukataa kuchaji na kupunguza kasi yake yenyewe, nawe utadhani prosesa imekufa.

Mwisho, fungua mipangilio ya Windows na utazame kama imeamilishwa kihalali. Programu za kuvunja leseni zinazowekwa vichochoroni huweza kuja na virusi, na wewe ndiye utakayeingiza nywila ya benki na M-Pesa kwenye mashine hiyo.

Kufuli usizoziona

Kuna kasoro moja isiyoonekana kwa macho: mashine ambayo bado ina mwenyewe. Washa tena kompyuta na uingie kwenye BIOS, kwa F1, F2 au F10 kulingana na kampuni. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Kagua pia kama Windows inasema kifaa kinasimamiwa na shirika fulani. Mashine iliyosajiliwa na kampuni inaweza kukudai akaunti ya kampuni hiyo siku utakapoisafisha na kuiwasha upya. Kwa MacBook, hakikisha akaunti ya Apple ya mwenyewe wa kwanza imeondolewa, la sivyo utabaki na sahani ya aluminiamu.

Wakati mwingine kufuli hiyo ni ishara ya wizi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu mtu anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Adhabu yake inafika kifungo cha miaka 14. Laptopu ya Sh10,000 inayouzwa ndani ya matatu bila chaja inakupa sababu ya kutosha ya kushuku. Nunua mahali penye mlango, lipa kwa njia inayoacha rekodi, na udai risiti iliyoandikwa modeli, nambari ya siri ya kifaa na muda wa waranti. "Waranti" ya mdomo huisha ukivuka barabara.

Kwa fundi: lini utengeneze, lini uache

Kutengeneza kuna faida, lakini si kila mara. Betri, kibodi, feni, tundu la chaja, bawaba na SSD ni kazi za kawaida. Bodi iliyoingia maji ni hadithi nyingine: inaweza kufufuka leo na kufa mwezi ujao. Kanuni rahisi ni hii: gharama ikizidi nusu ya bei ya mashine nyingine kama hiyo, simama ufikirie upya. La kuvunda halina ubani.

Kabla ya kumwachia fundi, hamisha faili zako kwenye diski ya nje na utoke kwenye akaunti zako. Piga picha ya RAM na SSD ikionyesha nambari zake. Kuna vijana waliopeleka mashine ya GB16 wakarudi na ya GB8 bila kujua. Mwombe fundi aifungue ukiwa hapo, akutajie bei kabla ya kuanza, na akurudishie kipuri alichotoa. Fundi mzuri hatachukizwa. Hao wapo wengi, na ukimpata mmoja, mhifadhi kwenye simu.

Kazi nyingine hazihitaji kungoja mashine iharibike. Kusafisha vumbi na kubadilisha lile dawa linalopakwa juu ya prosesa kila mwaka au miwili huzuia joto linaloua bodi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mpya ina wakati wake

Haya yote hayamaanishi mpya ni ujinga. Ikiwa bajeti yako inafika Sh70,000 au zaidi na kazi yako ni video nzito, usanifu wa 3D au michezo yenye kudai kadi ya picha, mpya yenye waranti ya kweli inastahili. Vivyo hivyo kama uko mbali na mji na fundi wa karibu ni safari ya saa tatu. Ila chunga mipango ya lipa mdogo mdogo. Zidisha malipo ya kila wiki kwa idadi ya wiki, ujumlishe amana, ndipo ulinganishe.

Anayehitaji mashine ya kukaa nyumbani pekee afikirie kompyuta ya mezani iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Kwa pesa zilezile hupata nguvu zaidi, na kutengeneza ni rahisi. Tatizo ni stima: haina betri, na umeme ukipotea ukiwa ukurasa wa 12 wa insha, umepotea nao usipokuwa na UPS.

Wazo la kufufua mashine si geni hapa nchini. Shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni kwa miaka mingi. Kila mashine inayoongezewa miaka mitatu ni mashine ambayo haijafika jaani na madini yake yenye sumu.

Andika kabla ya kutoka nyumbani

Tuseme una zile Sh35,000. Usizibebe zote ukiwaza mashine ya Sh35,000. Zigawe: Sh26,000 za mashine, Sh4,000 za RAM, Sh3,000 za betri au chaja, na Sh2,000 za mkoba na flash ya kuhifadhi nakala. Bei hubadilika, kwa hivyo uliza maduka matatu na ubadilishe hesabu kulingana na majibu. Ukipata mashine ambayo tayari ina RAM na betri nzuri, lipa zaidi kwa mashine na kidogo kwa vipuri. Jumla isipite tu.

Halafu andika kwenye karatasi au simu mambo matano: kizazi cha nane au zaidi, SSD, nafasi ya kuongeza RAM, betri juu ya asilimia 60, BIOS isiyo na nywila. Nenda asubuhi, si jioni ukiwa na haraka ya matatu. Nenda na rafiki ambaye hana aibu ya kusema "tutazame kwingine."

Muuzaji akikuambia orodha yako ni ya kusumbua, mshukuru, funga mkoba, uingie duka la pili. Luthuli ni ndefu.